Taarifa ya Pampu Iliyolala Kabatini

Skola mwanangu,

Umekwenda kusukwa kwa Mama Debora, na mikono yake naijua, anasuka mistari miwili anasimulia mambo manne. Hutarudi kabla jua halijazama. Baba yako yuko uani anafunga begi lako kubwa kwa kamba ya katani, anazungusha na kuzungusha kama vile ndani kuna beberu. Mimi nimekaa jikoni kwenye kigoda, daftari juu ya magoti, na akiniuliza naandika nini nitamwambia naandika vitu vya kununua.

Juu ya bahasha nimeandika ISIFUNGULIWE KABLA YA INYONGA. Naomba uniheshimu kwa hilo. Ukiisoma stendi ya Mpanda utashuka kwenye basi urudi kunihoji, na mimi sijajiandaa kuhojiwa. Mkishapita Inyonga ni pori kushoto na pori kulia, hata ukikasirika utakasirika umekaa. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini nakujua, ungenikumbatia kabla sijafika katikati, halafu ningeishia hapo hapo kwenye katikati.

Sikuandikii habari za kula, kulala wala kuchagua marafiki. Umesoma mpaka chuo, hayo unayajua. Asubuhi ya Dodoma ina upepo wa baridi, wanasema wote waliofika, lakini sikuandikii habari za sweta. Lipo upande wa kulia, chini ya taulo. Hilo nimelimaliza.

Nataka tuongee habari ya kazi yako.

Wiki iliyopita tulipokuwa tunabangua karanga nilikuuliza mara tatu unakwenda kufanya nini huko bungeni, na mara zote tatu ulinijibu bila kuninunia, nakushukuru. Mara ya kwanza nilielewa kwamba utakuwa mbunge. Mara ya pili nilielewa kwamba utakuwa unawapikia wabunge chai. Mara ya tatu ndipo ukachukua karanga ukanipangia mafungu kwenye mkeka.

"Mama, haya mafungu ni kamati," ukasema. "Bunge zima kabla halijakaa, kamati zinakaa kwanza, kila moja na mambo yake. Wiki zao ni chache, mambo ni mengi. Sasa lazima mtu apange, Jumatatu wanamsikiliza nani, Jumanne wanakwenda kukagua mradi gani, Jumatano wanakaa kuandika. Hiyo ndiyo ratiba. Mwenyekiti anaikubali au anaibadilisha, lakini kuna mtu anaiandika."

"Na huyo mtu ndiye wewe," nikasema.

"Mimi ni msaidizi wa msaidizi wake." Ukaendelea, "Halafu kuna taarifa. Kamati ikimwagiza mtu alete maelezo, inaandikwa ameagizwa nini, siku gani, amejibu au hajajibu. Asipojibu anabaki kwenye jedwali, kwenye taarifa zinazosubiri. Hilo jedwali nitakaa nalo mimi."

Ukazisukuma karanga chache pembeni, hizo ndizo zinazosubiri, ukainuka kupokea simu. Mimi nikabaki naziangalia zile karanga, mwanangu.

Uliporudi ukaniongezea jingine. Ukasema kwenye usaili walikuuliza kwa nini unaitaka kazi hiyo, ukawajibu, "Mama yangu aliishia darasa la nne, lakini alikuwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji, na hakuna taarifa iliyowahi kulala mikononi mwake." Ukasema mama mmoja pale mezani alivua miwani akaifuta. Nikapaliwa na karanga. Ukanipiga mgongoni, ukafikiri ni furaha.

Skola, taarifa moja ililala mikononi mwangu. Ililala kabatini, chini ya vitambaa vya kochi, tangu ulipokuwa darasa la sita mpaka Jumapili iliyopita. Huwezi kwenda kulinda taarifa za watu kwa kutumia jina langu kabla hujaijua hiyo.

Kamati yetu ilikuwa ya watu watano, lakini tuliokuwa tunaonekana tulikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Malaki, unamkumbuka na kofia yake ya sufu hata mwezi wa kumi. Mtunza ufunguo wa pampu alikuwa Mama Hadija jirani yetu, ndiye aliyefungua asubuhi na kufunga jioni, kabla hajapanga dagaa wake wa Karema pale njia panda. Na mimi katibu, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mkubwa na Mzee Malaki aliweza kuusoma bila miwani.

Vikao vyetu vilikuwa hivi. Tunafungua kwa sala mbili, moja ya kwetu na moja ya Mama Hadija. Nasoma muhtasari wa kikao kilichopita. Halafu yatokanayo na kikao kilichopita, na hapo ndipo tulipokuwa tunazama, kwa sababu kikao kilichopita nacho kilikuwa kimezama kwenye yatokanayo na kile cha nyuma yake. Kulikuwa na jambo la mbuzi wa mtu aliyekunywa maji kwenye ndoo ya mtu. Tulilibeba mwaka mzima. Mbuzi mwenyewe alikuwa ameshaliwa Krismasi.

Mwezi wa tano mwaka ule akaja fundi wa maji kutoka wilayani, bwana mpole wa maneno machache. Akaifungua pampu, akaiangalia, akaandika karatasi mbili akanikabidhi. "Katibu, hii isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla kiangazi hakijakolea. Mkichelewa itakatika." Nikasaini kwamba nimepokea. Nilisaini majina yangu yote matatu, nikajiona mtu.

Nyumbani nikaisoma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa vyuma na mipira, sikuwa na ugomvi nao. Ukurasa wa pili ulisema pampu inachoka kwa sababu inasukumwa baada ya saa za kufunga, kwa maji mengi kuliko ya kunywa na kupikia, na kwamba fundi ameona njia ya tope kutoka kisimani kwenda mahali panapofyatuliwa matofali. Hakuandika jina. Lakini mwaka ule kijiji kizima aliyekuwa anafyatua alikuwa mmoja, naye sasa hivi yuko uani anafunga begi.

Ndiyo, mwanangu. Matofali ya nyumba hii. Maji yalitoka kwenye pampu jioni jioni, kwa ufunguo ambao katibu alikuwa anauazima kwa Mama Hadija akisema ana mgonjwa ndani. Mgonjwa hakuwepo. Tulikuwa tumechoka na ile nyumba ya fito iliyokuwa inavuja juu ya kitanda chako, hilo ni kweli, unaikumbuka ile sufuria tuliyokuwa tunaitega miguuni pako. Lakini fundi hakuiandika sufuria, na mimi sikuwa na ujasiri wa kusimama mbele ya watu niisimulie.

Sasa nikuonyeshe jinsi taarifa inavyozikwa, huenda chuoni hawakuwafundisha. Haichanwi. Kuichana niliona ni dhambi, nami ni mtu wa Jumuiya ya kanisani. Inapangiwa siku tu.

Kikao cha kwanza nilikipanga siku ya mnada. Akaja Mzee Malaki peke yake, tukaangaliana, nikamwambia akidi haijatimia. Neno akidi nilikuwa nimelisikia kwenye redio ya baba yako, na siku ile nililitamka vizuri mpaka Mzee akavua kofia. Kikao cha pili nikakipanga siku ya kipaimara, askofu akiwa parokiani. Cha tatu, kwa bahati mbaya, walikuja. Basi nikaiweka taarifa mwisho wa ajenda, nyuma ya mengineyo, nikamtanguliza mbuzi. Kufika ajenda ya nne Mzee Malaki alikuwa amelala na Mama Hadija anaangalia jua.

"Mama Skola, bado kuna kitu?" akauliza.

"Kuna karatasi ya fundi," nikasema. "Ila haina mhuri."

Mzee akafumbua jicho moja. "Basi ikapigwe mhuri," akasema, akalifumba.

Nikaandika kwenye muhtasari, taarifa ya fundi inasubiri mhuri. Mhuri ulikuwa kwenye droo ya mtendaji wa kijiji, hatua arobaini kutoka tulipokaa. Nimezihesabu baadaye, nikiwa na muda wa kujuta. Taarifa iliusubiri mhuri huo miezi miwili na zaidi.

Mwezi wa tisa pampu ikakatika. Mpini ulimbakia mkononi Mzee Malaki mwenyewe, akarudi nao nyumbani kwake kwa sababu hakujua auweke wapi.

Hapa nivumilie, hapa hapachekeshi. Tangu siku ile mpaka mvua zilipoanza ulikuwa unakwenda mtoni na ndoo kabla ya shule. Unarudi, unabadilisha nguo unakimbia, unakuta wenzako wameshaingia darasani, unapewa kufyeka nyasi. Siku moja ulirudi na malengelenge kwenye viganja, ukanionyesha, ukaniuliza, "Mama, nyie watu wa kamati mnangoja nini?"

Nikakujibu, "Mambo ya kamati yana utaratibu wake, mwanangu."

Nikakupaka mafuta ya kupikia kwenye viganja. Kabati lilikuwa nyuma yangu. Nje ya dirisha matofali yalikuwa yamekauka, yamepangwa, mazuri sana.

Kisha mkutano mkuu ukaitishwa. Watu wakauliza pampu imeharibiwa na nani. Mtu akasema, "Aulizwe mwenye ufunguo." Vichwa vyote vikamgeukia Mama Hadija, na yeye akanigeukia mimi. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayesubiri mwenzake amshikie upande wa pili wa mzigo. Mimi nikainamia daftari nikaandika kwa ule mwandiko wangu mkubwa, mtunza ufunguo ameondolewa kwa uzembe. Akasimama, akamwekea Mzee ufunguo mkononi, akasema, "Haya, tunzeni nyie." Akaenda kwenye dagaa wake.

Wewe unakumbuka yaliyofuata. Unakumbuka mama yako anakwenda wilayani na baiskeli mara tatu kumfuata fundi, mara ya tatu anarudi naye, wanawake wanapiga vigelegele, maji yanatoka. Hayo yalikuwepo, sikuyaota. Lakini mtu anayekanyaga baiskeli vile, Skola, mara nyingi kuna kitu anakikimbia nyumbani kwake.

Na Mama Hadija ndiye huyu huyu aliyekufundisha kukaanga maandazi, ndiye aliyekuletea kanga siku ulipomaliza chuo. Miaka yote hiyo tukipeana moto na chumvi, na mimi nikisema moyoni, nitamwambia wiki ijayo. Nilikuwa sijaacha ukatibu, nilikuwa naendelea kuahirisha.

Zile karanga zako ndizo zilizonimaliza. Jumapili baada ya misa nikatoa karatasi chini ya vitambaa, nikaenda nazo kwa Mama Hadija. Nikamkuta anachambua dagaa.

"Nimekuletea karatasi ya fundi," nikasema.

"Fundi yupi?"

"Yule wa pampu. Wa wakati ule."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea, akaishikilia mbali na macho, akaisoma polepole midomo ikicheza. Ukurasa wa pili akatingisha kichwa.

"Matofali," akasema. "Kumbe aliyataja."

"Ulikuwa unajua?"

"Mama Skola, uliazima ufunguo kwangu jioni tisa kwa mgonjwa mmoja. Nikipita uani kwako nakuta matofali yameanikwa kutoka mlangoni mpaka chooni. Ulifikiri nitadhani ni maandazi?"

"Sasa mbona hukusema kwenye mkutano?"

"Nilikuwa nasubiri katibu aiweke kwenye ajenda."

Nikacheka, Mungu anisamehe, na yeye akacheka mpaka ungo wa dagaa ukamwagika. Tukawa tunaokota wote wawili. Halafu yeye akaacha kucheka kabla yangu. Akasema, "Kila ulipokuja kuomba chumvi nilikuwa nasema leo ataniambia. Umekula chumvi nyingi, shoga yangu."

Nikamwomba msamaha pale chini kati ya dagaa. Akasema msamaha anao, hana shida nao, ila hawezi kuutolea uani. Alitolewa mbele ya mkutano, arudishwe mbele ya mkutano. Nikaona ni haki. Jumatatu nikaenda kwa Mzee Malaki, ambaye amezeeka lakini uenyekiti hajauachia wala kofia. Alisikiliza yote. Akasema itaingia Jumamosi hii kwenye mkutano mkuu, kwenye yatokanayo.

"Hapana, Mzee," nikamwambia. "Iwe ajenda ya kwanza, kabla hujalala."

"Kwani mimi huwa nalala?" akauliza. Aliuliza kwa dhati kabisa.

Basi Jumamosi nasoma. Baba yako amesema atasimama na mimi. Ameuliza kama asimame upande wa kulia au wa kushoto, nikamwambia yoyote, akasema ataamua siku hiyo. Naye amepata woga.

Kuhusu ratiba zenu sina la kukufundisha, sijui hata milango ya huko inafunguka kwa ndani au kwa nje. Ninachojua ni upande mmoja tu, upande wa mtu anayeficha. Ukiona taarifa inapangiwa siku ambayo watu hawatakuja, au imewekwa nyuma ya mengineyo, au inasubiri mhuri ulio hatua arobaini, usigombane na mtu, wewe ni msaidizi wa msaidizi. Uliza tu kwa upole, tuiandikie siku gani? Mimi hakuna aliyeniuliza hivyo. Angeniuliza mtu mmoja, hata Mzee kutoka usingizini, "Katibu, siku gani?", ningeanguka pale pale. Neno inasubiri ni jepesi kuandika, nimeliandika mara nyingi. Inasubiri mpaka Alhamisi, hilo ndilo zito.

Na yule atakayekuwa anaificha asikutishe. Pengine ni mtu tu, ana paa linalovuja mahali. Mwulize siku hivyo hivyo.

Haya, nimeanza kuhubiri, na nilijiahidi sitahubiri.

Yule mama aliyevua miwani sijui utamwambia nini. Hilo nakuachia wewe, ndiye unayemjua. Wakikurudisha nyumbani kwa sababu yangu, chumba chako kipo, na begi baba yako atalifungua, kama ataweza. Lakini ninachokiogopa zaidi si kazi. Naogopa ukifika Tabora utakuwa huna tena yule mama uliyewasimulia. Mimi mwenyewe sikuwahi kuishi naye, nilikuwa namsikia tu kutoka kwako, na nilimpenda sana.

Begi dogo utaliona zito, usifikiri ni viazi. Nimekuwekea nusu tofali, nimelifunga kwenye kitenge changu cha zamani. Baba yako amelitoa kwenye kona ya choo ili tusiibomoe nyumba. Kwa kuwa kule kuna upepo, karatasi zako zitakuwa zinaruka. Liweke juu ya zile zinazosubiri. Wenzako wakikuuliza hilo nini, waambie chochote unachoona kinafaa. Mimi ningependa uwaambie ukweli, lakini nimechelewa mno kuwa mtu wa kudai hivyo.

Jumamosi saa nne nitakuwa nimesimama mbele ya mkutano. Mama Hadija ameniambia atakaa mstari wa mbele na atavaa lile baibui jipya. Saa saba nitapanda kwenye kile kichuguu nyuma ya shule, penye mtandao. Ukipiga nitapokea. Kama bado una hasira na hutaki kunisikia, ni haki yako, ahirisha. Ila nitumie ujumbe uniandikie siku.

Mama yako,
aliyekuwa katibu.

Mengineyo. Sweta usilifunge kiunoni, livae. Karanga nimezikaanga zote, hata zile zilizokuwa zinasubiri. Nasikia sauti yako njiani, unakuja unacheka na Mama Hadija. Najua hajakuambia. Ameniachia mimi.